Simiti ya baba, chokaa ya babu

Jana Jumamosi nimetoka Mtongwe mweupe mpaka kope. Chokaa imeingia kwenye nywele, kwenye viatu, hata mfuko wa simu, na pale kwenye feri ya Likoni watu wananitazama lakini wallahi sikujali.

Mwezi wa saba huu tunatengeneza nyumba ya shamba ya marehemu babu. Si nyumba kubwa, vyumba viwili na ukumbi, baraza mbele, jiko la nje limeshaanguka zamani, na ekari mbili za minazi na miembe ambayo nusu yake vichaka vilishaimeza. Babu alijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, juu akapanga boriti za mikoko, halafu paa la makuti. Vyumba vyembamba vyote. Utotoni nlidhani babu alikuwa bahili wa nafasi, kumbe boriti ndio zinaamua, mkoko hautoi mti mrefu wenye nguvu ya kubeba dari, kwa hivo boriti inapoishia ndipo na ukuta unaposimama.

Sasa shida yetu ilikuwa ukuta wa kusini, ule unaopigwa na upepo wa kusi. Mvua za El Niño za 1997 ziliila karibu plasta yote ya babu, mawe yakabaki wazi, na babangu akaleta simiti akaupiga wote kutoka chini mpaka juu. Nlikuwa mdogo lakini namkumbuka, amevua shati, anafanya kazi mpaka usiku kwa taa ya chemli. Tulijua ameiokoa nyumba. Lakini tangu hapo ule ukuta haujakauka, kila mwaka tunapaka rangi na kila mwaka inavimba, inatoka magamba, na chini kunatoka unga mweupe ukiuonja ni chumvi tupu.

Fundi niliyempata ni mzee wa Mji wa Kale, kazi alifundishwa na ami yake. Aligonga ukuta kwa vidole, akatega sikio, akagonga tena, akaniambia, "Mwanangu, huu ukuta hauumwi, umezibwa pua." Akanieleza polepole. Jiwe la matumbawe linanyonya maji kutoka chini na hewa ya bahari inaleta chumvi, hilo huwezi kulizuia, lakini plasta ya chokaa inayaachia yale maji yatoke nje taratibu. Simiti inayafungia ndani. Yakikosa njia yanalila jiwe lenyewe. Fort Jesus kuta zake ni matumbawe na chokaa, ziko pale tangu 1593 na bahari iko mlangoni.

Kwa hivo ilibidi tuibandue simiti ya baba, na hapo ndipo nlipokwama. Wiki mbili nzima sikuweza kumwambia. Yani unamwambiaje mzazi kwamba kile alichofanya kwa mapenzi yote, kwa mikono yake, ndicho kilichokuwa kinaiua nyumba? Mwisho nikampigia nikamwambia tu tumeanza ukuta wa kusini, akanyamaza kidogo akasema, haya.

Tulibandua siku nne, kwa nyundo na tindo, pole pole jiwe lisivunjike. Nyuma ya simiti, karibu na dirisha, kumebaki kipande cha plasta ya babu ukubwa wa sinia, na ndani yake michirizi ya vidole, vinne, vimepita kwa mshazari. Nikaweka vyangu juu yake. Vya babu vilikuwa vinene kuliko vyangu. Nimemwambia fundi kipande kile kisiguswe.

Chokaa yenyewe inataka subira ambayo sikuijua. Tuliizima, yani tuliilowesha maji, kwenye shimo miezi mitatu nyuma, na maji ya kununua, manake kisima chetu kina chumvi na ukizimia maji ya chumvi umerudi kule kule. Mchanga pia usiwe wa pwani. Halafu unapiga koti nyembamba ya plasta, unangoja, unapiga nyingine, na ukuta unaufunika magunia yaliyolowa usikauke kwa haraka, ukikauka haraka unapasuka.

Boriti mbili zililiwa na mchwa, tumeweka mpya, tumenunua kwa mwenye kibali. Mikoko haikatwi ovyo, na mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji kwenye misitu ya umma mikoko nayo ilikuwamo. Naona ni sawa kabisa, hata kama bei iliniuma.

Shambani nako kulikuwa na minazi tisa iliyokufa imesimama kama nguzo, na mimi nilitaka kuiacha kwa vile inapendeza jioni. Mgema wetu akakataa katakata. Alichanja gogo moja lililoanguka, ndani tukakuta funza weupe wanono kama kidole gumba, wamejikunja. Watoto wa chonga hao, mdudu adui wa mnazi. Chonga anataga kwenye mnazi uliooza, mtoto akikua anapanda kwenye mnazi mzima anatoboa moyo wake, kwa hivo kuacha magogo ni kumfugia. Tumeyakata tumeyachoma, kuku wa shangazi wamekula funza siku hio mpaka wakashindwa kutembea. Miche kumi na miwili imeingia, shimo la kila mmoja tumetandika makumbi chini yashike maji. Minazi mirefu ya kienyeji, si ile mifupi inayozaa haraka, na najua nitangoja miaka.

Jana baba alikuja. Alisimama mbele ya ukuta muda mrefu, mikono nyuma. Nikaanza kujieleza akanikata. "Mie nlikuwa na haraka," akasema, "mvua yaja na nyinyi wadogo." Basi. Akakunja suruali, akachukua mwiko, na koti ya pili ya upande wa dirisha ameipiga yeye na fundi, mimi nabeba karai.

Jioni akakataa kurudi na mimi kisiwani, amelala kwa shangazi nyumba ya pili. Saa tatu usiku kanipigia. Magunia ameyamwagia maji tena, upande wa mlango uko sawa, lakini karibu na dirisha panakauka mbio, nikija Jumamosi nije na magunia mawili zaidi.