Siku moja na wateja wa nyumba ya Mtae

Saa 11 alfajiri. Lushoto mwezi wa saba haina masihara. Maji ya bomba yanang'ata vidole. Navaa sweta mbili, koti juu. Leo napeleka wateja Mtae, kama kilomita 60 kutoka hapa mjini, kuona nyumba niliyoitangaza hivi: "Vyumba 4, shamba ekari 3, hewa safi, mandhari ya kuvutia." Mandhari sina wasiwasi nayo. Ekari ndizo zilizoninyima usingizi, kwa sababu niliambiwa kwa simu tu, na nikaandika.

Saa 12:30. Nawakuta gesti, tayari kwenye gari. Mzee mstaafu wa Dar na mkewe. Mzee namwita bosi, kama sisi madalali tunavyomwita kila mteja, lakini hatujafika hata Magamba nimeshajua bosi ni mama.

Msitu wa Magamba umejaa ukungu, taa zinawashwa mchana. Lukozi magunia ya viazi na karoti yamepangwa kando ya barabara yakisubiri malori. Mbele ya hapo makorongo ya masika bado hayajafukiwa, na mzee anaendesha huku ameng'ata meno. Mama anauliza, "Mtu akizidiwa usiku huku?" Ulimi ulitaka kusema huduma zipo. Nikamwambia: zahanati ipo, ila ukipewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, utapita njia hii hii tunayopita sasa. Akanyamaza hadi Mtae.

Saa 4 asubuhi. Bibi mwenye nyumba ametusubiri barazani na chai ya maziwa. "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu, mmetoka mbali, kaeni." Ni mjane, watoto wako mjini na wanataka ahamie kwao. Kijana wake mmoja amekuja kusimamia mauzo. Nyumba yenyewe ni ya matofali ya kuchoma, bati limeanza kutu upande wa mvua, jiko la kuni liko nje, maji ya mserereko yanafika mpaka uani. Nyuma kuna mpea mkubwa, halafu shamba linashuka, halafu ardhi inakatika ghafla, na chini kabisa mbuga za Mkomazi zimelala kama mkeka. Mzee alisimama pale dakika kumi bila neno. Kwa uzoefu wangu, mteja akinyamaza namna hiyo ameshanunua.

Ila mama alitoa mkobani futi kamba ya mita 50.

Saa 5. Huku kwetu ekari ni hatua 70 kwa 70, na kila mtu anaelewa hivyo. Kijana alipima hatua 140 kwa 105, hesabu ikatoka ekari 3 kamili. Shida ni hatua za nani. Kijana ni mfupi, na amepima akishuka mteremko ambao hata mbuzi anaukanyaga kwa adabu. Kamba ilisema mita 105 kwa 79. Mama akapiga hesabu kwenye simu: mita za mraba 8,295. Ekari moja ni 4,047. Yaani ekari 2 na kipande cha bustani ya mchicha. Kijana akaangalia viatu vyake. Mimi nikaangalia vyangu.

Halafu chini kuna kijito. Mzee alikuwa ameshapanga vibanda vya wageni pale pale ukingoni. Ikabidi niseme kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli zikae mita 60 kutoka mtoni. Kijana alinitazama kama nimemsaliti. Pengine kweli.

Saa 7 mchana. Mipaka. Hakuna mawe ya upimaji, kuna masale, mimea ya kuwekea mpaka, na masale huku hayang'olewi ovyo. Jirani, mtu wa makamo, alikuja bila kuitwa, akatutembeza mche kwa mche. Tulipofika katikati ya shamba akasimama kwenye kinjia cha udongo kilichong'aa kwa nyayo. "Hapa wanapita watoto wa shule na kina mama wa maji. Tangu baba yangu." Mzee akasema atajenga uzio. Jirani hakubishana. "Jenga, ndugu yangu. Ila uache milango miwili." Hapo ndipo nilipoona mama anacheka kwa mara ya kwanza.

Saa 8:30. Kwa mwenyekiti wa kijiji. Hii ni ardhi ya kijiji, chini ya sheria ya 1999, kwa hiyo mtu wa nje hanunui kwa kupeana mikono na bibi. Halmashauri ya kijiji lazima iridhie. Mwenyekiti akaomba karatasi. Hati ya kimila ipo, nzuri kabisa, ila jina ni la marehemu. Barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakama ya mwanzo? Haipo. Kijana anasema familia yote imekubaliana. Mwenyekiti akasema makubaliano ni mazuri, yaleteni yakiwa na muhuri.

Nilipaswa kuuliza hilo swali wiki mbili zilizopita. Kosa langu.

Saa 10 jioni tunaaga. Bibi anawafungia mapea kwenye mfuko, anamshika mama mkono. "Huu mti msiukate." Wakati huo hakuna aliyekuwa amesema atanunua.

Saa 2 usiku. Nyumbani, mkaa unawaka, miguu inauma. Nafungua simu, narekebisha tangazo: ekari 2, mirathi inashughulikiwa. Nikasita kidogo, nikaongeza: njia ya majirani inapita shambani. Bei kijana ameshusha mwenyewe.

Saa 3 simu inaita. Ni mama. Haulizi bei. "Ile njia, ikinyesha inapitika?"

Inapitika, bosi. Kwa mabuti.