Vipele vya kupe wachanga: nilivyojifunza kuvitofautisha na upele

Katika misimu miwili ya kwanza niliyofanya kazi ya utabibu kwenye zahanati moja ya kijiji cha wafugaji wilayani Kilosa, niliandika neno "upele" kwenye daftari la wagonjwa mara nyingi kuliko ilivyostahili. Kila masika yalipokwisha, kuanzia mwezi Juni hivi, waliletwa watoto wa kuchunga wakiwa wamejikuna miguu mpaka damu, nami niliwapa ile dawa nyeupe ya kupaka tunayoiita BBE, nikaagiza familia nzima ipake na nguo zote zifuliwe. Wengi walipona baada ya wiki mbili au tatu, nikaamini kwamba dawa imefanya kazi, kumbe vipele vile vingeisha vyenyewe kwa muda huohuo.

Aliyenizindua ni mama mmoja aliyemrudisha mwanawe wa miaka 10. Aliniambia, "Daktari, dawa tumepaka nyumba nzima mpaka chupa imekwisha, na sisi wengine hatujikuni hata mmoja. Huyu akikaa nyumbani anapoa, akienda malishoni anarudi na vingine." Nilipaswa kuyauliza hayo mwenyewe tangu siku ya kwanza. Upele huenea kwa wanaolala pamoja, muwasho wake huzidi usiku, wala haufuati siku za malishoni.

Nilimtoa mtoto nje, kwenye mwanga, nikamtazama kwa utulivu ambao sikuwa nao mara ya kwanza. Vipele vilikuwa vingi mno, vimesongamana kuzunguka vifundo vya miguu na nyuma ya magoti, kisha vikajipanga mstari kiunoni, palepale lastiki ya kaptula ilipobana. Vyote vilikuwa vya umri mmoja, vyekundu, vigumu kidogo, kila kimoja kikiwa na kitone katikati, tofauti na upele ambao huwa na vipya na vya zamani kwa pamoja. Kati ya vidole na kwenye viganja, mahali ambapo upele hupenda kuanzia, ngozi ilikuwa safi. Nyuma ya goti la kushoto niliona kidoa cha kahawia, kidogo kuliko kichwa cha pini, nikadhani ni kigaga. Nilipokigusa kwa ncha ya sindano, kilitikisa miguu.

Nilikinasa kwa selotepu, nikaibandika kwenye kioo na kukiweka chini ya hadubini tunayopimia malaria, kwa lenzi ndogo. Kilikuwa na miguu sita. Kupe mkubwa ana minane, lakini anapoanguliwa huwa na sita tu, na watu wengi hawamtambui kwa sababu wanamtafuta kupe wanayemjua wao, yule wa sikio la ng'ombe. Hata hivyo miguu sita peke yake haitoshi, kwa kuwa watoto wa utitiri nao wanayo sita, na pale kijijini wapo waliokuwa wakiwaita kupe hao utitiri. Kilichoniondolea shaka ni mdomo: ulichomoza mbele kama kijiti kilichojaa meno yaliyoelekea nyuma, na afisa mifugo wetu alipoutazama alithibitisha kuwa ni wa kupe.

Ndiye aliyenieleza kwa nini vipele huwa vingi namna ile. Kupe jike mmoja hutaga mayai maelfu mahali pamoja, na wachanga wakishaanguliwa hupanda kwenye ncha za majani, wakajikusanya kama pilipili manga iliyosagwa, wakingoja mnyama apite. Mtoto akiupitia ujani mmoja tu, hupandwa na makumi yao kwa mara moja. Mate yao ndiyo yanayowasha, na aliyewahi kuumwa mara nyingi huwashwa zaidi kuliko mgeni. Vipele huweza kutokea baada ya siku moja au mbili, wakati ambapo kupe wenyewe wamekwisha kukunwa au kudondoka, ndiyo maana kutomkuta kupe hakuniondolei dhana.

Tangu hapo nimekuwa nikianza na maswali: juzi ulipita wapi, ulivaa nini, nyumbani nani mwingine anajikuna. Aliyelala kwenye nyumba ya udongo yenye nyufa, akaamka na alama chache, namfikiria papasi, kupe wa nyumbani ambaye huuma usiku na kujificha tena kabla ya mapambazuko. Tiba yenyewe ni nyepesi: kupe waliobaki huondolewa kwa selotepu au kibano chembamba, bila mafuta ya taa, ngozi ikaoshwa kwa sabuni, kisha losheni ya kalamini au krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1, na setirizini muwasho unapozuia usingizi. Kucha zikatwe, kwa kuwa vidonda vingi vyenye usaha nilivyoviona vilitokana na kukuna.

Jambo ninaloliogopa ni homa. Mchungaji mmoja mtu mzima alifika akiwa na vipele vya aina hii pamoja na kichwa kikali, mtoki uliovimba, na kwenye paja kidonda kimoja chenye kigaga cheusi kilichozungukwa na wekundu. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Nilimwanzishia doksisaikilini 100 mg mara mbili kwa siku kwa siku 7, kwa kuhisi homa ya kupe, ambayo vijidudu vyake hupita kutoka kwa kupe jike hadi kwenye mayai yake, kwa hiyo hata kupe mchanga aweza kuwa navyo. Siku ya pili joto lilishuka.

Juma lililofuata, mimi na afisa mifugo tuliburuta shuka jeupe kwenye majani marefu ya njia ambayo watoto walikuwa wakikatiza kwenda mtoni. Baada ya hatua chache tuliligeuza, na upindo wake wote ulikuwa na vidoa vya kahawia vinavyotembea. Tuliwaita wazazi waje wajionee. Siku hizi watoto wanazungukia barabara ya ng'ombe iliyokanyagwa ikabaki udongo mtupu, na mama wa yule mtoto wa miaka 10 ndiye anayewasimamia.