Nilivyowafanya watoto wa Lindi waseme utalii wanaoutaka

Ushauri niliopewa na wengi ni huu: gawa karatasi, waambie watoto wachore utalii wa kesho, mshindi apewe zawadi. Mwalimu mwenzangu, usiufuate. Utaletewa ghorofa, bwawa la kuogelea na Mlima Kilimanjaro, maana mtoto anachora alichokiona kwenye kalenda, na zawadi inafanya darasa zima limwigize anayejua kuchora.

Wape kitu cha kwao, kwa ukubwa wake halisi. Mimi nilichukua mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria, mnyama mkubwa wa kale aliyekwisha kutoweka. Mifupa yake ilichimbwa mkoani hapa kati ya 1909 na 1913, wapagazi wakaibeba hadi bandari ya Lindi, na leo amesimama kwenye makumbusho ya Berlin, Ujerumani, kimo chake zaidi ya mita 13, urefu kama mita 22.

Kazi yote iko kwenye kamba ya kupimia urefu wake. Nailoni inavutika, tumia katani. Usipige mafundo kila mita: kila fundo linakula sentimita kadhaa, ukifika 22 mjusi amepungua zaidi ya mita nzima. Funga vitambaa vya rangi kila mita, tandaza kamba uwanjani, kisha mwaga chokaa kufuata umbo la mjusi.

Kimo kinapatikana kwa mnazi. Chomeka fimbo ya mita 1. Kivuli chake kikiwa sentimita 80, tafuteni mnazi wenye kivuli cha mita 10.4, kileleni pake ndipo kichwa kinapofika. Fanyeni saa nne asubuhi. Saa sita, miezi mingi, jua la huku liko karibu na utosini, kivuli kinakuwa kifupi mno na hesabu inaharibika kirahisi. Mnazi ulioinama haufai kabisa.

Sasa wagawe wannewanne, kila kundi na ukanda wa karatasi ya manila uliopigwa mistari ya saa. Mgeni kashuka stendi ya Lindi saa mbili asubuhi: hadi jioni anafanya nini, nani anampokea, anakula wapi, anamlipa nani?

Ghorofa zilitoweka! Kundi moja lilitaka njia ya wapagazi ifufuliwe, mgeni atembee kipande chake na mzigo kichwani, malipo yaende kijijini. Wengine walitaka mjusi wa mianzi wa ukubwa kamili mjini, kwa ajili ya wageni wanaokuja masika, barabara ya Tendaguru ikiwa matope. Wasichana walianza na vyoo kila kituo, jambo ambalo wakubwa hulikumbuka mwishoni. Mwingine alidai kibao cha Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, ambaye mwaka 2007 mjusi mmoja wa huko aliitwa kwa jina lake, Australodocus bohetii.

Usisahihishe maandishi yao. Ukianza, wataandika unachokitaka wewe. Piga picha kila ukanda kabla ya kukusanya, kisha watume wakaulize bei: mianzi kwa fundi, nauli kwa bodaboda, chakula kwa mama lishe, na waziandike pembeni ya wazo. Kamba na manila havikufika elfu thelathini. Chokaa tulipewa na mafundi ujenzi.