"Washa tu, itajifanyia"

Ushauri huo, kuhusu Track Changes, yaani kifuatilia mabadiliko, nilipewa na jamaa anayejiita mkongwe wa InDesign, programu ya kupanga kurasa za vitabu. Ukaninyima usingizi.

Nilikuwa napanga kurasa 96 za kitabu cha jubilei ya parokia. Mhariri wetu, mwalimu mstaafu ambaye ukiandika "masaa" anaugua, hakutaka kusikia habari za Word. Alitaka asahihishe palepale kwenye kurasa, kwenye kompyuta yangu. Nikawasha Track Changes, nikamwachia kiti. Siku mbili kazi yangu ikawa kuleta chai na vitumbua.

Siku ya tatu mwenyekiti wa kamati akapiga simu: "Kijana wangu, Baba Paroko anataka kuona yote yaliyobadilishwa."

Natazama kurasa: nyeupe pee! Kumbe alama hazionekani kwenye kurasa, mpaka ufungue Story Editor, dirisha la maandishi matupu, kwa Ctrl+Y. Nikafungua dibaji. Maneno mapya yamepakwa rangi, yaliyofutwa yamekatwa mstari. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikaenda sura ya kwanza: patupu. Ya pili: patupu. Nilikuwa nimewasha nikiwa ndani ya dibaji, na fremu za kila sura, vile visanduku vya maandishi, zina mnyororo wake; nilikuwa nimewasha mnyororo mmoja tu. Amri ya kuwasha kwenye faili zima ipo kwenye menyu ileile. Mkongwe hakuitaja!

Bahati yangu mimi ni mwoga, kila jioni nahifadhi nakala. Nikachukua faili la kabla ya mwalimu na la baada yake, nikatoa kila sura mara mbili, ya zamani na mpya, kama RTF, aina ya faili ambayo Word huisoma, nikaiachia Word ilinganishe. Weee! Hadi alfajiri sura zote zilikuwa zimejaa mistari myekundu, mpaka "masaa" zote zilizogeuzwa "saa". Ningetegemea InDesign peke yake, hata maneno aliyoyageuza kuwa herufi za mlazo nisingeyaona, maana yenyewe hufuata maneno yaliyoongezwa, kufutwa au kuhamishwa, si mtindo wa herufi.

Nikabeba laptopu hadi parokiani, kifua mbele. Mwenyekiti akasifu "mitambo ya kisasa". Nikanyamaza.

Baba Paroko akaanza na dibaji, aliyoiandika mwenyewe. Akasoma taratibu, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Mwanangu, kwa nini umefuta aya zangu mbili?"

InDesign huambatanisha kila badiliko na jina la mtumiaji, na jina hilo linabadilishwa kwenye menyu ya File, pale palipoandikwa User. Mwalimu alikuwa amehariri siku zote mbili kwa jina langu.