Chiriku wangu alivyopona bawa
Chiriku wangu dume, hawa wadogo wa mdomo mwekundu asili yao Australia, akawa akiruka anaanguka pu kama embe. Nkamshika nkamfungua bawa, mfupa mzima ila manyoya ya kurukia mengine yamekatika katikati mengine yameng'oka. Mnyofoaji ni jike lake, wallahi ana ubaya yule.

Nkawatenganisha, kila mmoja na tundu lake lakini karibu wasikiane, upweke hawauwezi. Vijiti nkavishusha chini kabisa, sakafuni taulo.

Sasa nyoya lililokatika halioti mpaka kile kisiki kitoke chenyewe akibadilisha manyoya, lakini lililong'oka zima huanza kuota upya upesi, wiki 4 hadi 6 hivi, kwa hivyo visiki usivivute utamuumiza bure, na vile vinyoya vichanga vilivyo ndani ya ala vina damu, kikivunjika anavuja.

Chakula ndo kazi yenyewe, nyoya karibu lote ni protini. Mawele ya Kongowea peke yake hayatoshi, nkawa namwekea yai la kuchemsha na ganda lake nimelisaga, mchicha, na mfupa wa ngisi niliookota ufuoni Nyali nkauosha nkauanika. Yai usiliwache likalala, joto letu hili mwalijua. Na kibakuli cha kuogea kila asubuhi, anajirusharusha maji mpaka ukutani.

Saa hizi anafika kijiti cha juu, nyoya moja tu bado fupi. Jike nimemrudisha ila kwa tundu kubwa zaidi, na hajamgusa.