Mwanga unapojikusanya kwenye ncha

Leo nimeshinda kwenye chumba cha hadubini nikichunguza pembetatu za madini ya fedha, vipande ambavyo upande wake haufiki nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Mwanga unaoonekana kwa macho yetu una mawimbi ya nanomita 400 hadi 700. Mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe alishaonyesha mwaka 1873 kwamba vitu viwili vikikaribiana kupita nusu ya urefu wa wimbi, hadubini ya mwanga haiwezi kuvitenganisha. Basi tunaziuliza elektroni.

Kwa volti laki mbili, elektroni hukimbia kwa karibu asilimia 70 ya kasi ya mwanga. Ikipita kandokando ya fedha, uga wake wa umeme huzitikisa elektroni huru zilizomo, zikayumba kwa pamoja. Kuyumba huko, plasmoni, ndiko kulekule kunakoamshwa na mwanga. Elektroni yetu hutoka ng'ambo ikiwa imepungukiwa nishati. Ni kama mtoto uliyemtuma dukani: hesabu chenji, utajua kanunua nini.

Mwaka 2007 watafiti wa Orsay, karibu na Paris, walihesabu chenji hiyo nukta kwa nukta juu ya pembetatu ya fedha yenye upande wa nanomita 78. Elektronivolti ni kipimo cha nishati, na kila kiasi cha nishati kina rangi yake ya mwanga. Kwenye ncha zake walikuta elektronivolti 1.75, upande wa wekundu. Kwenye kingo, 2.70. Katikati, 3.20, kule kwenye urujuani. Fedha ileile, kipande kilekile!

Jambo hili linanigusa sana. Nilikua nikiamini kwamba rangi ni mali ya kitu chenyewe: dhahabu ni ya njano, fedha ni nyeupe, basi. Kumbe ukishuka hadi huku, umbo na ukubwa navyo vina kauli. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alitengeneza dhahabu nyekundu ndani ya maji miaka ya 1850, akatambua kwamba siri iko kwenye udogo wa chembe, lakini chombo cha kuziona hakikuwepo. Hadubini ya elektroni ilikuja 1931.

Sasa nataka kujua mwanga, ukishaamsha kuyumba huko, hukaa pale kwenye ncha kwa muda gani. Mwaka 2009 kundi la Ahmed Zewail, yule Mmisri wa Nobeli ya kemia, lilimulika leza juu ya nyuzi za fedha wakati uleule elektroni zinapita. Baadhi zilitoka na nishati zaidi ya zilivyoingia nayo: zilikuwa zimechukua fotoni, yaani chembe ya mwanga, moja nzima, mbili, hata zaidi. Badala ya kulipa, zililipwa. Makala yao ninayo mezani, nitaanza kuyasoma usiku huu.