Kaunta buku ya baba

Simu ya mama ilinikuta saa 11 alfajiri najiandaa kwenda kazini. Hata salamu hakunipa. "Baba yako katoka kutawadha, kaanguka mlangoni. Mdomo umekwenda upande." Nikamwomba amsogezee simu. Nikasikia sauti ya baba, nzito kama ya mtu mwenye usingizi: "Hivyo hivyo. Hivyo hivyo."

Wao wako Morogoro, mimi Dar es Salaam, karibu kilomita 190. Kwa mbali vile, nilichoweza ni kukataza tu. Baba mdogo alikuwa ameshasaga aspirini kwenye kijiko, shangazi anapoza uji. Niliwaambia wasimtie chochote mdomoni, wamlaze ubavu, watafute gari. Sikuyatoa kichwani mwangu hayo: mwenzangu kazini aliwahi kumuuguza mama yake, akanisimulia mpaka nikamchoka. Kipimo cha CT, picha ya ndani ya kichwa, kilipofanyika, ikaonekana mshipa umepasuka na damu imevujia kwenye ubongo, upande wa kushoto. Kiharusi cha aina hiyo ukikipa aspirini unakichochea. Na kwa macho huwezi kukitofautisha na kile cha damu kuganda, ambacho kina dawa ya kuyeyusha, ila muda wake ni saa 4 na nusu hivi tangu dalili zianze. Kwa hiyo ni kukimbilia kipimo.

Sisi hatukukimbia. Hospitali ya kwanza haikuwa na mashine. Gari la wagonjwa lilikuwepo, dereva alikuwepo, mafuta hayakuwepo. Tukatuma pesa kwa simu, tukaambiwa namba siyo, tukatuma tena. Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira, basi niishie hapo.

Alipoletwa Dar, siku ya pili nikanunua kaunta buku. Daktari akipita raundi asubuhi humkuta ndugu mmoja, jioni anakuwepo mwingine, na kila mmoja ana habari yake. Mdogo wangu aliambiwa dawa ya presha imebadilishwa, mimi sina taarifa, nikaenda kununua ile ya zamani. Kurasa za mbele tukaandika maneno ya madaktari, za nyuma pesa: nani katoa, imenunua nini. Kaka mkubwa alinuna siku mbili, akasema namfanya mwizi. Baadaye, wazee wa ukoo walipouliza mchango umekwenda wapi, ni yeye aliyelifungua daftari akawasomea mstari kwa mstari, mpaka sabuni ya mche.

Baba ni mwalimu mstaafu, ana bima, nayo ilitubeba kwenye vipimo na dawa nyingi. Haikubeba nauli, chakula cha wauguzaji, wala pampasi za watu wazima, na hizo ndizo zinazokausha mfuko kimya kimya.

Simu nazo! Watu 40 na zaidi, wote "anaendeleaje?" Mama alikuwa anajibu kila mmoja na kulia upya kila mara. Tukamnyang'anya simu kwa upole, mdogo wangu akapewa kazi moja tu: kuhakikisha mama anakula na analala. Mimi nikawa natuma ujumbe mmoja kila siku, saa 2 usiku, kwenye grupu la ukoo, na mwisho wake naweka hitaji lenye jina na siku: pampasi pakiti mbili, mtu wa kulala wodini Alhamisi. Binamu yetu mmoja, ambaye kwenye michango huwa haonekani, alikuja zamu nne za usiku, akawa anamgeuza baba kila baada ya saa 2 asipate vidonda vya mgongo. Alhamisi ile nilimkuta kasinzia kakaa, kamshika baba mguu.

Kwa shangazi nilikosea. Muuguzi alikuwa amempima baba kumeza kwa maji ya kijiko cha chai, akakataza, ndiyo maana alikuwa analishwa kwa mpira wa puani. Mimi nililiandika daftarini, shangazi sikumwambia, na yeye kusoma hajui. Akaja na chupa ya uji chini ya khanga. Kijiko cha pili tu, baba alikohoa mpaka macho yakamtoka, uji ukarudi kwa puani. Muuguzi alipomaliza kumsafisha, shangazi alikuwa amejikunyata ukutani. Hakutaka hata kumgusa tena.

Nikamwomba amnyooshe vidole vya mkono wa kulia, kama mtaalamu wa mazoezi alivyotuonyesha. Akawa ananyoosha huku anasoma Alhamdu kwa sauti ya chini. Baba akadakia. Mtu ambaye kwa wiki nzima hakuwa na neno ila "hivyo hivyo" aliisoma sura yote mpaka "amina". Daktari alisema maneno yaliyokaririwa miaka mingi huweza kubaki hata mazungumzo yakipotea. Shangazi hakuhitaji maelezo, alishaanza upya.

Tulipomrudisha Morogoro, nilikuta vidonge vyake vya presha kwenye kopo la biskuti, vya miezi mitatu, havijaguswa. Aliona amepona. Sasa mama anampa mwenyewe na kuweka alama kwenye daftari lile lile.

Juzi nimewakuta wanagombana kwa ajili ya chumvi. Baba ana maneno machache, lakini "chumvi" inatoka safi kabisa. Mama kanigeukia: "Andika, siku ya leo kanitukana."